Doa, homa au goti lililovimba: kutafuta chanzo pale kupe wa kulungu wanapoishi

Wengi wetu tuliohamia Maine, New Hampshire, Vermont au jimbo la New York tunamjua kupe kama adui wa mifugo. Aliyetoka Kivu, Kigoma au pembezoni mwa Bujumbura atakusimulia jinsi ndigana kali inavyoua ndama, na kwa nini ng'ombe hupelekwa josho. Huku hali ni nyingine. Kuna kupe mdogo aitwaye kupe wa kulungu, au kupe wa miguu myeusi, anayewaambukiza binadamu magonjwa kadhaa, na ugonjwa wa Lyme ndio unaoongoza. Kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinakadiria kwamba watu wapatao 476,000 hutibiwa Lyme kila mwaka nchini humo, wengi wao katika majimbo ya kaskazini-mashariki na katika Minnesota na Wisconsin.

Mwongozo huu unaanzia kwenye kile unachokiona au kukisikia mwilini, kisha unarudi nyuma kutafuta kilikotoka. Si mbadala wa daktari. Kazi yake ni kukusaidia umpe daktari habari inayofaa mapema, maana magonjwa haya hutibika vizuri yakiwahiwa, na sisi wageni ndio tunaochelewa zaidi.

Umemkuta mdudu, hujui kama ndiye

Mnase kwenye utepe wa gundi unaopenyeza mwanga, umbandike juu ya karatasi nyeupe, kisha mpige picha kwa simu ukiikuza. Usianze na ukubwa wala rangi ya tumbo, kwa sababu kupe aliyekwisha kunywa damu hufura na kuwa wa kijivu, hata asifanane tena na picha za mabango. Tazama vitu viwili visivyobadilika: miguu, na ile ngao ngumu iliyo mgongoni karibu na kichwa.

Kupe wa kulungu jike aliyekomaa ana ngao nyeusi au kahawia iliyokoza, tupu kabisa, haina doa wala mchoro. Nyuma ya ngao, mwili una rangi ya chungwa inayoelekea wekundu. Miguu ni myeusi na mdomo wake ni mrefu, unachomoza mbele. Dume ni mweusi-kahawia mwili mzima na si tishio kubwa kwa kuwa hanyonyi damu ya maana.

Ukikuta ngao ina michoro myeupe au ya fedha na mdomo ni mfupi, huyo ni kupe wa mbwa wa Marekani. Ni mkubwa zaidi, hasambazi Lyme, ingawa anaweza kusambaza homa nyingine kali ya madoadoa. Akiwa na nukta moja nyeupe katikati ya mgongo, ni jike wa kupe wa nyota moja, ambaye asili yake ni kusini na sasa anapanda kaskazini. Huyu naye hana Lyme, lakini ana magonjwa yake, na kuumwa naye kunaweza kumfanya mtu awe na mzio wa nyama nyekundu: anakula mbuzi au ng'ombe jioni, saa kadhaa baadaye anaamka ana vipele, tumbo linasokota au pumzi inabana. Ukiona mtindo huo baada ya kuumwa, usilaumu mpishi. Omba kipimo cha mzio.

Anayenitia wasiwasi kuliko wote hao ni kupe wa kulungu ambaye bado hajakomaa. Aliyekomaa kabla ya kula ni kama punje ya ufuta. Huyu mdogo hazidi punje ya ulezi, miguu minane, rangi ya kahawia inayopenyeza mwanga. Kwenye soksi nyeusi humwoni mpaka atembee. Hutoka kwa wingi kuanzia Mei hadi Julai, wakati tunalima bustani na watoto wanacheza mpira mpaka jua kuzama, na yeye ndiye anayeambukiza watu wengi zaidi kwa sababu hunywa, hushiba na kuanguka bila kuonekana. Wakubwa hutoka vuli, Oktoba na Novemba, na tena majira ya kuchipua. Hata Januari, siku ikipata joto la nyuzi 4 hivi na kuzidi, wanaweza kutembea.

Jina lake linapotosha kidogo. Kupe huyu anapoanguliwa hana Lyme. Huipata kwa panya, hasa panya wa miguu myeupe, anaponyonya damu yake ya kwanza. Kulungu hampi kupe vijidudu vya Lyme. Kazi yake ni kuwalisha kupe wakubwa na kuwabeba kutoka mahali hadi mahali. Kwa hiyo kusema "mtaani kwetu hakuna kulungu" hakukulindi. Palipo na panya, ukuta wa mawe na majani makavu yaliyolundikana, kupe anaweza kuwapo.

Bado amening'inia

Mtoe sasa hivi. Tumia kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, pale mdomo unapoingia, kisha vuta juu taratibu bila kukatisha wala kuzungusha. Ngozi itanyanyuka kama hema, subiri hapo hapo, ataachia. Hakuna kibano? Tumia kucha ukiwa umefunika vidole kwa karatasi laini.

Mafuta ya taa, vaselini, moto wa kiberiti, rangi ya kucha: kwetu hizi ni njia za kawaida kwa kupe wa ng'ombe na mbwa, na najua mashangazi wengi wanaziamini. Kwa binadamu ziache. Humchukua kupe muda kufa au kuachia, na muda ndio usioutaka, tena akichokozwa anaweza kutema mate zaidi kwenye jeraha. Kipande cha mdomo kikibaki, usichimbe kwa sindano. Ngozi itakisukuma nje yenyewe. Osha kwa sabuni, paka spiriti, mtunze kupe kwenye utepe, na andika tarehe.

Sasa swali la muda. Kijidudu cha Lyme hukaa tumboni mwa kupe na huhitaji muda kupanda hadi kwenye mate. Kwa kawaida kupe lazima awe amenata kwa zaidi ya saa 24. Kupe bapa, mwembamba, aliyenata asubuhi hii ni habari njema. Kupe aliyefura amekaa siku mbili au zaidi, hata kama wewe unaapa umemwona leo. Virusi vya Powassan ni tofauti, vinaweza kupita ndani ya dakika 15 tu, lakini ugonjwa huo ni nadra sana.

Ikiwa ni kupe wa kulungu, amenata saa 36 au zaidi, na hujavuka saa 72 tangu umtoe, piga simu kliniki leo uulize kuhusu dozi moja ya kinga ya doksisaiklini. Kwa mtu mzima ni miligramu 200 mara moja, basi. Kwa mtoto hupimwa kwa uzito. Wazazi hushtuka wakisikia dawa hiyo kwa mtoto, kwa kuwa nyumbani tuliambiwa inaharibu meno. Kwa matumizi ya muda mfupi, madaktari wa watoto wa Marekani sasa wanaikubali katika umri wowote. Mjamzito aseme mapema kuwa ni mjamzito.

Unaweza pia kumtuma kupe maabara. Chuo Kikuu cha Maine kina maabara inayotambua na kupima kupe. Ila usingoje majibu ya kupe ili kuamua matibabu ya mtu. Kupe mwenye vijidudu huenda hakukuambukiza, na huenda kuna kupe wa pili ambaye hukumwona.

Kuna doa kwenye ngozi

Anza kwa kuhesabu siku. Uvimbe mdogo wa ukubwa wa sarafu, unaowasha, uliotokea ndani ya siku moja au mbili baada ya kuumwa na usioongezeka, kwa kawaida ni ngozi inakataa mate ya kupe. Utapotea. Doa la Lyme huchelewa: siku 3 hadi 30, mara nyingi karibu wiki moja. Hukua kila siku, likapita sentimita 5 na wakati mwingine likafika 30. Ukiligusa lina joto, lakini aghalabu haliwashi wala haliumi, ndiyo maana mtu huliacha. Zungushia kalamu ukingoni usiku, utazame kesho kutwa. Likivuka mstari, nenda.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Mabango mengi yaliyobandikwa kliniki yanaonyesha ngozi nyeupe yenye duara jekundu na kitovu cheupe katikati. Mtu mweusi anayengoja aone duara lile atangoja mpaka ugonjwa ufike kwenye viungo. Kwenye ngozi yetu doa huweza kuwa la zambarau, kahawia iliyokoza, au likafanana na alama ya kuvilia damu baada ya kugongwa. Ukingo hufifia. Na hata kwa Wazungu, madoa mengi ni rangi moja tupu, hayana duara lolote. Tafiti zilizofanywa Marekani zimeonyesha kuwa wagonjwa weusi, kuliko weupe, hugunduliwa mara nyingi zaidi wakiwa tayari wameathirika neva au viungo. Sababu mojawapo ni hiyo: doa halikuonekana, au lilionekana likaitwa jina jingine.

Kwa hiyo tazama kwa mkono pamoja na jicho. Simama karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni. Pitisha nyuma ya kiganja juu ya sehemu unayoishuku, kisha upande wa pili wa mwili, ulinganishe joto. Sehemu za kukagua ni kinena, makwapa, nyuma ya magoti, kitovu, chini ya ukanda wa sidiria, nyuma ya masikio. Mtoto aliyesukwa mpitishie ncha za vidole kwenye kila mstari wa misuko, polepole, kuanzia kisogoni. Unatafuta kitu kidogo kama kigaga kisichosogea. Ukikigusa ukadhani ni kidonda kilichokauka, washa tochi ya simu kabla hujakikwangua, uone kama kina miguu.

Doa hili huchanganywa zaidi na choa. Choa kina magamba, kinawasha, na hupanuka kwa majuma. Doa la Lyme ni laini na hupanuka kwa siku. Kama umepaka dawa ya fangasi juma zima na doa linazidi kutanuka, acha kubadilisha tyubu, muone daktari. Jina jingine linalotolewa haraka ni "buibui amekuuma". Uliza kwa heshima: "Daktari, inaweza kuwa Lyme? Nilikuwa kwenye majani juma lililopita." Doa lenyewe linatosha kuanza matibabu. Hahitaji kungoja kipimo cha damu, na katika hatua hii kipimo mara nyingi hutoka hasi. Kwa mtu mzima ni doksisaiklini siku 10 hadi 14, au amoksisilini siku 14.

Madoa yakiwa mengi, sehemu mbalimbali za mwili, haina maana kupe walikuwa wengi. Ni kwamba vijidudu vimekwisha kuingia kwenye damu. Usingoje Jumatatu.

Homa, kichwa, maungo yanauma, na hakuna doa

Karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye Lyme haonyeshi doa. Kwa hiyo homa ya kiangazi isiyo na kikohozi wala mafua isiondolewe kwenye orodha kwa sababu tu ngozi ni safi.

Tatizo letu ni kwamba kwetu homa ina jina moja. Mtu anatetemeka, anatoka jasho, kichwa kinagonga, tunasema malaria. Ikiwa umerudi safari ya nyumbani ndani ya mwaka mmoja, malaria ipimwe siku hiyo hiyo, halina mjadala. Lakini ikitoka hasi, au kama hujasafiri miaka, kazi haijaisha. Kuna magonjwa mawili ya kupe huyu huyu yanayofanana na malaria kiasi cha kushangaza.

La kwanza ni anaplasma. Huja siku 5 hadi 14 baada ya kuumwa: homa kali, baridi, kichwa, misuli. Kwenye damu, chembe nyeupe na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hushuka, na vipimo vya ini hupanda. Hutibiwa kwa doksisaiklini. Amoksisilini haifanyi kitu hapa, na ndiyo sababu mtu aliyepewa amoksisilini kwa ajili ya Lyme na bado ana homa kali baada ya siku mbili anapaswa kurudi aseme hivyo.

La pili ni babesia, na hili ndilo binamu wa kweli wa malaria kwa tabia. Kijidudu chake huingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua. Mtu hupata homa, jasho, uchovu, upungufu wa damu, macho kuwa ya njano, mkojo mweusi. Chini ya darubini huonekana kama pete ndogo ndani ya chembe, sawa na pete za malaria, na maabara isiyozoea inaweza kuvichanganya. Kipimo cha haraka cha malaria hakikusudiwi kukamata babesia, basi kutoka hasi hakusemi lolote juu yake. Nayo doksisaiklini haiitibu. Hutibiwa kwa atovakoni pamoja na azithromaisini, kwa kawaida siku 7 hadi 10. Kupe mmoja anaweza kubeba Lyme na babesia kwa pamoja.

Wenye vijana wa selimundu nyumbani, tafadhali someni hapa mara mbili. Babesia humshambulia vibaya mtu asiye na bandama au ambaye bandama yake haifanyi kazi, na kwa mgonjwa wa selimundu bandama huwa imeharibika tangu utotoni. Homa yoyote kwake ni dharura hata bila kupe. Ukifika naye hospitali kiangazi, itaje selimundu, taja majani, na liseme neno babesia kwa mdomo wako. Hali ni hiyo hiyo kwa mzee na kwa anayetumia dawa za kushusha kinga.

Kuna pembeni kidogo ya historia inayotuhusu. Kijidudu cha Lyme ni cha jamii ya Borrelia, na ndugu yake ndiye anayeleta homa ya papasi huko kwetu. Daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton aliichunguza homa hiyo Kongo na akafia Kasongo mwaka 1905. Kijidudu kikapewa jina lake. Kile cha Lyme kilipewa jina la Willy Burgdorfer, aliyekiona ndani ya kupe wa New York mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anayesema magonjwa ya kupe ni mambo ya Wazungu hajui kwamba babu zake walilala na papasi kwenye kuta za udongo.

Uso umelegea, moyo unaruka, shingo imekaza

Hizi si dalili za kungoja. Upande mmoja wa uso ukilegea ghafla, jicho lisifumbe, nenda dharura kwanza kama mtu mwenye kiharusi, kisha wakati wa mahojiano utaje kupe. Katika majimbo haya, mtoto anayepooza uso kiangazi hufikiriwa Lyme mapema. Kizunguzungu, kuzimia, moyo kudunda ovyo au pumzi kukatika majuma machache baada ya kuumwa huweza kuwa Lyme imeingia kwenye mfumo wa umeme wa moyo. Ni nadra, lakini imewahi kuua. Omba ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Shingo iliyokaza, kichwa kisichovumilika, kuchanganyikiwa au degedege: piga 911.

Goti limevimba, na hukuanguka popote

Lyme isiyotibiwa inaweza kuibuka miezi kadhaa baadaye kwenye kiungo kikubwa, mara nyingi goti moja. Linajaa maji, linakuwa zito, lakini maumivu ni madogo kuliko uvimbe unavyoonekana. Hupungua, halafu hurudi. Mzee huambiwa ni gauti au umri, kijana huambiwa ni mpira. Hivi ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyogunduliwa: katikati ya miaka ya 1970 akina mama wa mji wa Lyme huko Connecticut waliona watoto wengi mno wa mtaa mmoja wakiambiwa wana baridi yabisi, wakakataa kunyamaza, na Allen Steere wa Chuo Kikuu cha Yale akaanza uchunguzi. Hatua hii kipimo cha damu kinaaminika, na matibabu ya vidonge huchukua siku 28.

Kipimo hakilingani na unavyojisikia

Kipimo cha Lyme hakitafuti kijidudu, kinatafuta askari ambao mwili umewaunda kupambana nacho. Huchukua majuma kadhaa kuonekana. Hasi katika juma la kwanza au la pili haina uzito. Rudia baadaye kama dalili zipo. Upande wa pili, chanya inaweza kubaki miaka mingi baada ya kupona, kwa hiyo haithibitishi kwamba uchovu wa leo ni Lyme ya leo. Na kupona hakukupi kinga: ukiumwa tena, unaweza kuugua tena.

Wapo wanaomaliza dawa na kubaki na uchovu na maumivu kwa miezi. Mateso hayo ni ya kweli. Ila tafiti hazijaonyesha kwamba antibiotiki za miezi na miezi zinayaondoa, na zina madhara yake. Anayekuuzia dripu za gharama kwa jina la Lyme sugu, muulize daktari wako kabla hujatoa pesa.

Kliniki na hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu lazima zikupe mkalimani bure. Omba wa Kiswahili unapopanga miadi, na useme Kiswahili cha wapi, maana mkalimani wa Kongo na wa Zanzibar hawatumii maneno yale yale ya mwili. Usimtumie mtoto.

Kila juma mnakuta kupe nyumbani

Kupe haruki wala hapai. Hupanda kwenye jani, hunyoosha miguu ya mbele, hungoja mguu upite. Chanzo basi ni njia mnayopita: ukingo wa uwanja, rundo la kuni, ukuta wa mawe, kichaka kati ya bustani na msitu. Fyeka, ondoa majani makavu, tandaza vipande vya mbao upana wa mita moja kati ya nyasi na msitu.

Nguo za shambani zisitupwe sakafuni. Zitie kwenye mashine ya kukausha, moto mkali, dakika 10, kabla ya kufuliwa: kupe huyu huvumilia maji ya vuguvugu lakini joto kavu humuua. Suruali iingie ndani ya soksi. Viatu na nguo vipuliziwe dawa ya wadudu iitwayo permetrini, ya asilimia 0.5, nje, na vikauke kabisa kwanza kama mna paka, kwa kuwa dawa hiyo ikiwa mbichi ni sumu kwake. Haipakwi kwenye ngozi. Mbwa ana chanjo ya Lyme. Binadamu alikuwa nayo, ikaondolewa sokoni mwaka 2002. Na mbwa anayelala kitandani na watoto akaguliwe kila jioni masikioni na katikati ya vidole, kabla hajapanda.